Saa ya marehemu baba: niitengeneze au ninunue ya kisasa?

Swali: Shikamoo fundi. Marehemu baba alikuwa baharia, ameniachia saa ya kronografu, yaani yenye kipima muda cha vitufe, ya miaka ya 70, ile ya kutia ufunguo kwa mkono. Kampuni iliyoandikwa usoni siku hizi haipo, lakini fundi mmoja wa Kariakoo aliifungua akasema ndani kuna mashine ya Valjoux, kiwanda cha Uswisi, namba 7734. Inatembea, ila nikiwasha kipima muda inaanza kuchelewa, na kimshale cha kuhesabu dakika mara kinaruka mara hakiruki. Fundi huyo anataka kuinunua. Ananiambia niongeze hela nichukue yenye Valjoux 7750 kwa sababu hizi za zamani zimepitwa na wakati. Rafiki yangu naye anasema mashine za zamani zilitengenezwa kwa mikono, za sasa hazizifikii. Nimsikilize nani? (Msomaji, Tabata)

Jibu: Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mzee.

Tuanze na la kuuza. Mtu akikagua saa yako, akasema haina maana tena, halafu papo hapo akatoa pochi, hapo ameshakujibu bila kujua. Simwiti tapeli, Kariakoo kila mtu anatafuta riziki yake. Ila bei usiipokee kwa mtu anayetaka kununua.

Rafiki yako naye kateleza, kwa upande wake. 7734 haikutengenezwa kwa mikono. Ni mashine ya kiwandani, iliyobuniwa ili kronografu ishuke bei na mtu wa kawaida, baharia kwa mfano, aweze kuinunua. Kiwanda cha Venus kilikuwa na mashine yake, namba 188. Valjoux walipokichukua kiwanda hicho katika miaka ya 1960 wakaibatiza 7730, wakairekebisha ikawa 7733, wakaiongezea tarehe ikawa 7734, na yenye kuhesabu masaa ikawa 7736. Majina makubwa kama Heuer na Breitling yalitumia mashine za ukoo huu, na majina madogo mengi yaliyokwishakufa yalifanya hivyo hivyo. Kwa hiyo jina la kwenye uso lisikutie unyonge.

Sasa hiyo 7750 unayoambiwa ni ya kisasa. Ni mtoto wa hiyo uliyonayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Valjoux walimpa mhandisi kijana, Edmond Capt, kazi ya kuunda kronografu inayojitia ufunguo yenyewe mkononi, naye akaanzia kwenye 7733. Haikupita muda saa za betri (quartz) zikaingia sokoni, na mwaka 1975 utengenezaji wake ukasimamishwa. Ilirudi miaka ya 1980 watu walipoanza kuzitaka tena saa za ufunguo, na mpaka leo ndiyo kronografu ya Uswisi unayokutana nayo mara nyingi kuliko zote. Umri wake unakaribia umri wa saa ya baba yako.

Ukitaka kulinganisha mashine mbili za kronografu, usianze kwa kuuliza ya zamani ipi na mpya ipi. Uliza mabadiliko yalifanywa kwa faida ya nani. Kwa jinsi ninavyoona mimi, kati ya miaka ya 1940 na 1970 mengi yalimfaa mwenye kiwanda. Yanayomfaa mvaaji yamekuja baadaye sana, na mengine ndiyo yanaingia sasa hivi.

Chukua kitu kinachopokea amri ya kidole chako unapobonyeza kitufe. Kronografu za zamani za daraja la juu, kama Valjoux 72 au Lemania 2310 ya mwaka 1942, zilikuwa na gurudumu la nguzo. Ni kigurudumu chenye vinguzo vimesimama juu yake kama ngome, kila ukibonyeza kinasogea jino moja, na nyenzo zinazokizunguka ama zinaangukia katikati ya nguzo ama zinapanda juu yake. Kukichonga na kukisawazisha ni kazi ya mtu mwenye subira. Venus 188 na wanawe wakaliondoa gurudumu hilo, wakaweka kemu, yaani vibati viwili vilivyopigwa na mashine vinavyokwenda mbele na nyuma. Bei ikashuka.

Mvaaji alipoteza nini? Raha ya kidole tu. Gurudumu la nguzo hubonyezeka laini, kemu inataka nguvu kidogo na inalia *tak*. Kwa usahihi wa majira hakuna tofauti. Wauzaji watakuapia kwamba gurudumu la nguzo ndiyo alama ya saa ya kifalme, lakini Wachina walinunua mitambo ya Venus 175 mapema miaka ya 1960, na mashine iliyozaliwa humo, Seagull ST19, ina gurudumu la nguzo na ni miongoni mwa kronografu za ufunguo za bei ya chini kabisa duniani. Usilipie nguzo peke yake.

Omega nao wanakuonyesha jambo hilo hilo. Saa ya Speedmaster aliyovaa Buzz Aldrin mwezini Julai 1969 ilikuwa na mashine namba 321, ambayo ni hiyo hiyo Lemania 2310, yenye gurudumu la nguzo na mapigo 18,000 kwa saa. Na wakati huo, tangu 1968, Omega walikuwa wameshaanza kuibadilisha kwa 861, yenye kemu na mapigo 21,600. Mashine ikaimarika na ikawa rahisi kutengeneza. Mwaka 2019 wakaja na 3861. Kemu ni ile ile, lakini sasa springi ya balansi, lile gurudumu linalopiga kwenda na kurudi, ni ya silikoni, inastahimili sumaku ya gausi 15,000, inakaa saa 50 bila kutiwa ufunguo, na ukivuta kichwa cha ufunguo mshale wa sekunde unasimama ili urekebishe majira vizuri. Hayo yote yamewekwa kwa ajili ya mvaaji. Na mwaka huo huo wakatangaza kuirudisha 321 ya zamani, wakaiuza ghali kuliko hiyo mpya! Mpaka hapo unajua bei za saa hazifuati ubora wa mashine.

Turudi kwako. Kinachokusumbua hakiko kwenye kemu. Kiko kwenye klachi, na hapa nitakaa kidogo.

Kronografu ni saa ya kawaida iliyobebeshwa mgongoni mashine nyingine ambayo muda mwingi imelala. Ukibonyeza kitufe cha juu, hiyo iliyolala lazima iungane na inayotembea. Kwenye 7734 ukiondoa mfuniko wa nyuma na kuweka lensi jichoni utaona muungano huo waziwazi, ndiyo maana mimi naipenda. Kuna gurudumu limepanda kwenye mhimili wa sekunde, linazunguka muda wote. Pembeni yake kuna wenzo umebeba gurudumu jingine lenye meno membamba mno, nalo linazunguka bure. Bonyeza: kemu inageuka, breki inaachia, wenzo unasogea pembeni upana wa unywele, na yale meno yanalishika gurudumu la katikati lenye mshale mrefu. Kwenye gurudumu hilo la katikati kuna kidole kimoja. Kila likimaliza mzunguko, kidole kinasukuma kigurudumu cha kando, nacho kinairusha hesabu ya dakika hatua moja.

Dalili zako zote mbili zimo humo. Klachi ya namna hii inachukua nguvu yake kwenye balansi, kwa hiyo hata saa nzima kabisa hupunguza upana wa mapigo kidogo ukiwasha kipima muda. Mafuta yakiganda, au meno yakiingiliana kwa kina kupita kiasi, upungufu unakuwa mkubwa na saa inachelewa. Na kidole kile kisipokifikia vizuri kigurudumu cha dakika, kimshale kitaruka leo na kesho kigome. Kina cha hayo yote kinapangwa na viskrubu vya kichwa cha upande, yaani ukivigeuza kiini chake kinahama. Kiwanda kilivipanga mara moja. Halafu kila fundi asiyejua anavigeuza kidogo, "nikaze hapa", na baada ya mafundi watatu hakuna ajuaye vilikuwa wapi. Nashuku ya baba yako imepita mikono ya namna hiyo. Siyo ugonjwa wa kufa nao. Isafishwe, itiwe oili, viskrubu vipangwe upya na mtu mwenye kipimo cha mapigo mezani.

Capt kwenye 7750 aliuondoa wenzo huo. Akaweka kijiti kimoja chenye meno juu na chini. Chini kimeshikana na gurudumu la sekunde siku zote, juu kinainama kidogo kuligusa gurudumu la kronografu. Vipande vimepungua, marekebisho yamepungua, na fundi wa kawaida hana pa kuharibia sana. Ni akili nzuri. Ila aliyeibuni ni Edouard Heuer, mwaka 1887. Ukikutana tena na yule anayekuambia 7750 ni ya kisasa, mpe salamu zake. Na kasoro ya meno kugongana haikuondoka: ukiwasha 7750 mara nyingine utaona mshale mrefu unashtuka kabla ya kuanza safari, kama ulivyokuwa unashtuka kwenye zile za zamani.

Klachi iliyomaliza tatizo hilo ni ya wima. Fikiria klachi ya daladala, sahani mbili zinazobanana uso kwa uso badala ya meno kutafutana. Mshale hauruki, balansi haielemewi, unaweza kuacha kipima muda kikizunguka wiki nzima na saa isijali. Seiko waliiweka kwenye 6139 mwaka 1969, pamoja na gurudumu la nguzo na rota, yaani uzito unaozunguka ukitikisa mkono na kuitia saa ufunguo, kwenye saa ya bei ya mfanyakazi. Waswisi walichukua muda mrefu kuifanya kawaida. Rolex waliifikia mwaka 2000 kwa mashine yao 4130 inayokaa saa 72 bila kutiwa ufunguo. Kabla ya hapo, tangu 1988, kronografu yao ya Daytona ilitumia mashine ya El Primero ya kampuni ya Zenith iliyopunguzwa mapigo kutoka 36,000 hadi 28,800 ili isichoke haraka. Breitling wakaja na mashine yao B01 mwaka 2009. Hizi sasa, ukizilinganisha na ya baba yako, kweli ni kizazi kingine.

Lakini klachi ya wima imefungwa kama kopo. Ikianza kuteleza haina kiskrubu cha kugeuza, inabadilishwa nzima. Hapa Dar nawajua mafundi wenye mikono mizuri wanaozikwepa 6139 kwa sababu hiyo, na siwalaumu.

Sasa weka 7734 na 7750 sambamba. Ya baba yako ina upana wa milimita 31 na unene 6.5, hiyo nyingine upana 30 na unene 7.9. Milimita moja na nusu hivi inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ongeza kasha na kioo, na ukivaa shati la mikono mirefu utaihisi. Ya baba yako hupiga 18,000 kwa saa, ndiyo mara tano kwa sekunde, kwa hiyo kipimo chake kidogo kabisa ni moja ya tano ya sekunde. 7750 hupiga 28,800, mara nane. Mapigo ya haraka yanaisaidia saa isiyumbe ukitikisa mkono, na hapo 7750 inashinda bila ubishi. Inajitia ufunguo, ingawa kwa upande mmoja tu. Upande wa pili rota inazunguka bure, na ukikung'uta mkono utaisikia ikizunguka kwa nguvu. Wengine wanaichukia tabia hiyo. Mimi naona ina uhai.

Tofauti kubwa ni spea. 7734 haitengenezwi tena, vifaa vinatoka kwenye saa zilizokufa. Kuna ndugu yake wa Urusi, Poljot 3133, aliyezaliwa kutokana na 7734 hiyo hiyo, na utasikia fundi akisema "nitatoa kwenye ya Mrusi". Muulize kitu gani. Mrusi anapiga 21,600, kwa hiyo balansi yake haifai kabisa kwako. Kwa upande wa 7750, spea zimejaa. Tena baada ya kundi la Swatch kuanza kubana mauzo ya mashine za ETA, kiwanda chao kinachotengeneza 7750, kwa wengine, Sellita walitoa nakala yake, SW500, kwa hiyo hata kampuni ikifilisika kesho saa yako haiwi yatima.

Na kama utanunua yenye 7750, jua kwamba 7750 nayo ina wazee na vijana. Za mwanzo zilikuwa na vito (vijiwe vya kupunguza msuguano) 17, za baadaye 25. Akiba ya nguvu iliyokuwa saa 40 na kitu sasa imepanda: Hamilton H-21, ambayo ni 7750 iliyofanyiwa kazi, inafika 60, na SW500 za karibuni 62. Maana yake unaivua Ijumaa jioni, Jumapili usiku bado inatembea. Longines wana L688, ukoo ule ule lakini imerudishiwa gurudumu la nguzo. Kwa hiyo muuzaji akisema "ina 7750" tu, hajasema kitu bado. Muulize toleo gani na inakaa saa ngapi.

Kuna jambo ambalo maandishi ya Ulaya hayaligusi sana, na kwetu ndilo linaloua saa: hewa ya hapa. Joto la Februari, jasho, na upepo wenye chumvi kuanzia Msasani mpaka Kigamboni. Saa ya mishale mitatu ina tundu moja ubavuni. Kronografu ina matatu, na mawili kati yake unayabonyeza kwa kidole chenye jasho. Mipira ya vitufe inayozuia maji kwenye saa ya miaka ya 70 ilishakuwa ungaunga zamani. Unyevunyevu ukiingia hauli shaba kwanza, unakula chuma, na kwenye kronografu chuma ndiyo nyenzo, nyundo na springi zake. Nimezifungua nyingi zenye uso safi kabisa wa kupigia picha, ndani springi ya breki imeota kutu rangi ya hina. Kwa hiyo 7734 yako isiingie mvuani, isiende kwenye pantoni siku ya mawimbi, na ikilala ilale kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Yenye 7750 mpya na mipira mipya inastahimili zaidi, lakini vitufe usivibonyeze majini hata kama imeandikwa mita 100.

Sumaku pia. Springi ya balansi ya chuma cha zamani ikikaa juu ya spika au kava la simu lenye sumaku, saa huanza kukimbia dakika kwa siku, na mtu anadhani imekufa. Kuitoa sumaku ni kazi ya dakika moja, fundi asikutoze kama amefanya sevisi.

Ushauri wangu: tengeneza ya mzee. Kuiuza ili uchukue 7750 ni kumtoa baba upate mtoto, na pesa unayoongeza inakununulia rota, tarehe ya haraka na spea, basi. Kama unataka saa ya kuvaa kila siku kwenye mwendokasi na kazini, nunua ya pili, na hapo 7750 ya toleo jipya au SW500 ni chaguo la mtu mwenye akili. Ukiipata, usibadilishe tarehe kwa haraka kati ya saa mbili usiku na saa nane usiku, wakati huo meno yake ya kalenda yameshikana na utayavunja. Na kwenye zote mbili usibonyeze kitufe cha chini kabla hujasimamisha kwa cha juu. Nyundo zile zinapiga vipande vya chuma vyenye umbo la moyo vilivyo chini ya mishale ili mishale irudi sifuri. Usizipige mashine ikiwa mbioni.

Unapopeleka kwa fundi, tafuta anayekubali uangalie akifungua. Mwambie akuonyeshe namba iliyogongwa chini ya balansi, uhakikishe ni 7734 kweli. Mkataze kupaka rangi uso, mkataze kung'arisha kasha. Mikwaruzo hiyo ni ya baba yako na pia ndiyo inayoshikilia thamani. Kioo cha plastiki kinaweza kusuguliwa, mipira ya vitufe ibadilishwe yote. Vitu vyovyote anavyotoa akurudishie kwenye kikaratasi. Mlipe nusu.

Ikirudi, itie ufunguo kamili asubuhi, ilaze mezani uso juu, ilinganishe na saa ya simu baada ya siku nzima kipima muda kikiwa kimezimwa. Kesho yake rudia kikiwa kimewashwa. Siku ya kwanza ikikosea sekunde 20 au hata 30, kwa mashine ya umri huo mimi ningeridhika. Siku ya pili ikichelewa dakika kadhaa zaidi ya hapo, au kimshale cha dakika kikigoma hata mara moja, irudishe kabla hujatoa nusu iliyobaki, umwambie klachi bado.